Kuwafundisha watoto solfa: mwongozo kwa mwalimu wa kwaya anayeanza

Walimu wapya wa kwaya za watoto huuliza mambo yaleyale. Nianze na mistari mitano ya kuandikia nota au na do re mi? Nifanyeje kama sina kinanda? Huyu mtoto ambaye sauti yake haikai, nimtoe? Mbona nikiimba nao wanaimba vizuri, nikinyamaza wanapotea? Majibu nimeyapanga hapa hatua kwa hatua, kwa ajili yako uliyekabidhiwa kundi la Utoto Mtakatifu, Shule ya Jumapili au kwaya ya shule ya msingi, na hujui pa kuanzia.

Swali la kwanza nalijibu papo hapo: anza na solfa, yaani do re mi zinazoandikwa kwa herufi. Mistari mitano itakuja, ila si sasa. Wapo wanaoidharau solfa wakiiona ni njia ya wasio na kinanda, na hilo linanisikitisha kwa sababu si kweli. Solfa ilibuniwa kwa ajili ya watoto na waimbaji wa kawaida. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich huko Uingereza, aliitumia kufundishia watoto, kisha mchungaji John Curwen akaichukua, akaiboresha na kuieneza katika karne ya 19. Wamisionari wakaja nayo Afrika. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga wimbo akauandika kwa solfa, na tuni yake ndiyo inayoimbwa leo katika wimbo wa taifa wa Tanzania. Herufi saba zilitosha kuubeba.

Lengo lako liwe hili: mtoto apewe mstari mfupi ambao hajawahi kuusikia, autazame, auimbe mwenyewe. Kwaya inayojua nyimbo ishirini kwa kukariri lakini haiwezi kufanya hivyo bado haijafundishwa nadharia ya muziki, hata kama inapigiwa makofi kila Jumapili.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Watoto wanaojua kusoma, wa miaka 7 hadi 10 hivi. Kundi la 15 hadi 25 linatosha. Wakizidi hapo, tafuta msaidizi.
- Ubao na chaki, au karatasi kubwa za manila na kalamu nene.
- Kitu cha kutolea sauti sahihi: kinanda, filimbi, au simu yenye programu ya kinanda. Kinahitajika kwa sekunde chache tu mwanzoni mwa kila zoezi, kwa hiyo simu ya kawaida inatosha kabisa.
- Ngoma ndogo au debe.
- Nafasi ya kusimama na kutembea. Watoto waliobanwa kwenye mabenchi hawajifunzi mapigo.
- Dakika 30 hadi 40, mara mbili kwa wiki ukiweza. Dakika 30 zigawe hivi: tano za mapigo, kumi za jambo jipya, tano za kusoma mstari mpya, kumi za wimbo wenu wa kawaida. Usile zile tano za kusoma hata siku mnayochelewa kuanza.

Na wewe mwenyewe jipime. Je, unaweza kuimba ngazi nzima, toka do hadi do ya juu, kupanda na kushuka bila kinanda, ukaishia palepale ulipoanzia? Kama huwezi, jifunze hilo kwanza nyumbani. Watoto wanaiga sauti yako hata pale ulipokosea.

Hatua kwa hatua

1. Pigo kwanza, bila kuimba. Waache watembee kwa kuzunguka huku ukigonga debe taratibu na sawasawa. Kila unapogonga, hatua moja. Wakishatulia, acha kugonga ghafla, wao waendelee kutembea. Baada ya hatua kama nane gonga tena: wamekwenda mbio au bado wako nawe? Hilo ndilo zoezi. Watoto karibu wote huongeza kasi, kwa hiyo rudia mpaka kundi lishike mwendo lenyewe.

*Angalizo:* Usiseme neno "tempo" wala "mizani" siku hiyo. Jina litakuja baada ya mwili kujua.

2. Miguu ishike pigo, mikono ipige maneno. Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Pigo ni lile linalokwenda sawasawa chini ya wimbo. Mdundo ni namna maneno yanavyokaa juu yake. Kutenganisha mambo hayo mawili kwa maelezo ni kazi ngumu, lakini kwa vyakula ni kazi ya dakika kumi:

- *chai*: kofi moja katika pigo moja
- *wa-li*: makofi mawili katika pigo moja
- *ma-ha-ra-ge*: makofi manne katika pigo moja

Miguu inaendelea kutembea papo hapo, mikono inapiga makofi, mdomo unasema. Anza na chai peke yake, pigo nne. Kisha wali. Kisha changanya: *wali, chai, wali, chai*. Maharage yaje mwisho. Halafu ligawe kundi: nusu waseme chai mfululizo, nusu wengine waseme wali, wabadilishane. Wakiweza kufanya hivyo bila kuvutana, wameshaelewa nusu ya mdundo watakaohitaji kwa mwaka mzima.

*Angalizo:* "Chai" itamkwe kwa mkupuo mmoja. Mtoto akiikata "cha-i" anapata makofi mawili na zoezi linaharibika. Na "chapati" yenye silabi tatu iache kwanza. Makofi matatu ndani ya pigo moja yana wakati wake.

3. So na mi. Usianze na ngazi nzima. Ni kosa nililoliona mahali pengi: siku ya kwanza ubaoni zinaandikwa sauti nane, watoto wanaziimba kama shairi, na miezi sita baadaye ukiwauliza waimbe *la* peke yake hawawezi mpaka waanze na do wahesabu kupanda. Wamekariri wimbo unaoitwa "do re mi", basi.

Anza na sauti mbili. Msikilize mtoto akimwita mwenzake toka mbali, "Juu-ma!" Mara nyingi sauti ya pili inashuka kidogo, na mshuko huo unakaribia sana so–mi. Tayari wanao mdomoni.

Chagua do iwe D. Kwenye kinanda ni ile nyeupe iliyo katikati ya kundi la nyeusi mbili (si lile la nyeusi tatu), karibu na katikati ya kinanda. So itakuwa A iliyo juu yake, na mi itakuwa F#, nyeusi ya kwanza ya kundi la nyeusi tatu linalofuata. Hapo watoto wanaimba bila kukamua shingo. Piga A, imba "so", wajibu. Shuka "mi", wajibu. Kisha cheza mchezo wa kuitana: wewe unaimba jina la mtoto kwa so–mi, naye anakujibu kwa so–mi. Zunguka kundi zima, na kwa mchezo huo utakuwa umemsikia kila mtoto peke yake bila yeyote kujiona anatahiniwa.

Ongeza ishara za mkono alizozieneza Curwen:

- *do*: ngumi, usawa wa kiuno
- *re*: kiganja kilichoinama mshazari, vidole vikielekea juu
- *mi*: kiganja kimelala, kinatazama chini
- *fa*: vidole vinne vimelala, dole gumba linaelekeza chini
- *so*: kiganja kinakutazama wewe, dole gumba juu
- *la*: mkono unaning'inia, vidole chini
- *ti*: kidole cha shahada kinaelekeza juu mshazari
- *do* ya juu: ngumi tena, usawa wa paji la uso

Kwa sasa onyesha so na mi tu. Mkono upande na kushuka kweli, usikae mahali pamoja, kwa sababu urefu wa mkono ndio unaomwonyesha mtoto urefu wa sauti. Baadaye nyamaza, uonyeshe ishara peke yake, wao waimbe. Siku wanapofanya hivyo, wameanza kusoma muziki.

*Angalizo kwa mwalimu mwanamume:* sauti yako iko oktavu moja, yaani ngazi nzima ya do hadi do, chini ya ile ya watoto. Wengine watakufuata huko chini na kunguruma. Tumia sauti nyembamba, au piga filimbi, au mteue mtoto mwenye sauti thabiti awe ndiye anayetoa mfano.

4. Sasa andika. Baada ya masomo mawili au matatu ya so na mi, weka ubaoni:

| s :m | s :m |

Waeleze mambo mawili tu. Mstari uliosimama unatangulia pigo lenye uzito. Nukta mbili zinatangulia pigo jepesi. Wapige kwa mguu: zito, jepesi, zito, jepesi. Kisha leta wali:

| s.s :m | s.s :m |

Nukta moja katikati inagawa pigo mara mbili. Kistari kinarefusha sauti iliyotangulia, na pigo lililoachwa wazi ni la kunyamaza:

| s :m | s :- |
| s :s | m : |

Waimbishe mistari hiyo miwili mmoja baada ya mwingine. Katika wa kwanza sauti inavutwa hadi mwisho wa pigo la nne. Katika wa pili inakatwa. Watoto hupenda sana kunyamaza kwa pamoja, na ni zoezi zuri la nidhamu.

Maharage yanaandikwa kwa mkato na nukta, *s,s.s,s*, lakini usiwe na haraka nayo. Kuipiga kwa makofi ni rahisi, kuisoma kunawachosha.

5. La, kisha do. La inakaa jirani juu ya so. Iweke katikati ya so mbili:

| s :l | s :m |
| s.s :l.l | s :m |

Baada ya wiki moja au mbili, shuka kwenye do: | s :m | d :- |. Waambie kwamba do ni nyumbani. Imba mstari ukaishia mi, uwaulize, "Tumefika?" Imba tena ukaishia do. Watajibu wenyewe, na hakuna maelezo ya kitabu yatakayoeleza jambo hilo vizuri kuliko walivyolisikia.

6. Re. Re inaingia kwa urahisi ikipita kati ya mi na do: | m :r | d :- |. Hapo una sauti tano: do, re, mi, so, la. Tulia hapa muda mrefu, hata muhula mzima. Nyimbo nyingi za asili za kwetu zinasimama juu ya sauti tano. Za Wagogo wa Dodoma ni mfano unaojulikana sana. Waombe watoto walete wimbo wa mchezo au wa bibi zao, mtafute pamoja do yake iko wapi, muuandike. Lakini wimbo wa kale ukikataa kukaa sawasawa kwenye kinanda, usiukunje, uukubali ulivyo. Zeze na marimba haviwekwi sauti kwa kipimo cha kinanda, na mtoto asiondoke akiamini kuwa bibi yake anaimba vibaya.

7. Fa na ti, kwa ngazi ya watoto wanane. Sasa tu ndipo ngazi inakamilika. Wasimamishe watoto wanane kwa mstari, kila mmoja na kadi yake: d r m f s l t d'. Wanaopakana waachane kwa urefu wa mkono, *isipokuwa* mi na fa, na ti na do ya juu. Hao wagusane mabega. Huo ndio ukweli wote wa ngazi kuu: hatua nzima kila mahali, nusu hatua mahali pawili.

Pita nyuma yao ukiwagusa begani, na kila anayeguswa aimbe sauti yake. Nenda taratibu kutoka mi kwenda fa na kurudi, mara nyingi. Kosa la kawaida ni kuimba fa juu mno, kwa sababu mtoto amezoea hatua nzima. Ti nayo huimbwa chini mno. Mwambie aisogeze ijikaze kuelekea do. Wale waliobaki wamekaa ndio waamuzi: wanyooshe mkono wakisikia imepotoka. Kisha badilishaneni.

8. Hamisha do. Hapa wapiga kinanda wengi wanapotosha watoto kwa kusema do ni C siku zote. Katika solfa yetu do inahama. Wimbo ukiwa na ki (yaani sauti inayochukuliwa kuwa do) ya G, do ni G. Ukiwa na ki ya F, do ni F. Imbisha mstari mmoja do ikiwa D, kisha do ikiwa E, kisha F. Waulize kimebadilika nini na nini hakikubadilika. Ngazi yetu ya watoto wanane haikuvunjika. Imebebwa nzima ikawekwa juu zaidi.

9. Mstari mpya, kila kipindi. Hatua hii inaanza tangu ile ya nne na haiishi. Andika mstari ambao hawajausikia, kwa sauti wanazozijua tu. Kwa mfano, kwa waliofika re:

| d.d :m.s | l :s | m.m :r.r | d :- |

Utaratibu uwe uleule daima: wapige makofi ya mdundo, waseme majina ya sauti kwa mdundo bila kuimba, uwape do, waonyeshe ishara kimya huku wakiimba moyoni, waimbe. Wewe funga mdomo. Ukiimba nao, umewafundisha kukusubiri. Wakikosea, usiwarekebishe kwa kuwaimbia, waulize, "Ni pigo la ngapi limetushinda?" Watalipata.

10. Mistari mitano. Watoto wakisoma solfa bila woga, mpito ni mfupi. Chora mistari mitano, uwaonyeshe do iko wapi, na kanuni moja: do ikikaa kwenye mstari, mi na so zinakaa kwenye mistari miwili inayofuata juu, do ikikaa kwenye nafasi, mi na so zinakaa kwenye nafasi mbili zinazofuata. Andika kwa nota mistari ileile waliyokwisha kuiimba kwa solfa. Majina C, D, E yafuate baadaye, hasa kwa watakaojifunza kinanda.

Mambo yanapokwama

*Mtoto anaimba sauti moja tu, ya chini.* Usimtoe, na tafadhali usimwambie "wewe chezesha mdomo tu." Mtoto aliyeambiwa hivyo anaweza kukaa maisha yake yote akiamini hana sauti. Kwa kawaida hajaigundua sauti yake nyembamba. Mfanyishe king'ora cha gari la wagonjwa, apandishe na kushusha kwa kuteleza. Kisha wewe ndiye uende alipo: tafuta sauti anayoitoa, uiimbe pamoja naye, halafu mpande hatua moja moja. Kwenye safu, mweke kati ya wenzake wawili wenye sauti thabiti.

*Kundi zima linashuka ki.* Angalia kwanza wanavyokaa, wasimame. Angalia joto na njaa, hasa kipindi cha mchana. Kama si hivyo, pandisha do kwa nusu hatua. Mara nyingi kundi linashuka kwa sababu wimbo uko chini mno, si kwa sababu uko juu.

*Wanapiga kelele badala ya kuimba.* Waambie waimbe kama kuna mtoto mchanga aliyelala chumba cha pili. Sauti nyembamba inayotoka hapo ndiyo uijenge. Ukubwa utakuja wenyewe.

*Wanachanganya la na so, au re na do.* Umekwenda haraka. Rudi sauti moja nyuma kwa kipindi kimoja. Kurudi nyuma hakuwachoshi watoto ukibadilisha mchezo.

*Mmoja anajua zaidi, ana kinanda nyumbani.* Mpe kazi ya kutoa do na ya kutunga mstari wa kusoma wa wiki. Usimwache ajibu kwa niaba ya wengine.

*Sikukuu imebaki wiki mbili na wimbo ni mpya.* Wafundishe kwa kukariri, hakuna namna nyingine. Lakini chagua mistari miwili iliyo rahisi, kiitikio kwa mfano, uiandike ubaoni kwa solfa waisome wenyewe kabla hawajakusikia ukiiimba. Baada ya sikukuu rudini kwenye hatua mliyoiacha, mkianza na pigo.